Laini ya Kumi na Nne

Radi haikupiga ghala la mbegu la Wana wa Tavares.
Ilipiga nguzo ng'ambo ya barabara,
ikafuata waya wa simu hadi mapokezini,
haikubisha hodi.

Saa mbili na robo Zoraide anaegesha gari lisilo na breki ya mkono.
Mpwa wake Ueslei anaruka na jiwe la kuzuia tairi.
Leo simu kumi na sita zimenuna,
na Mato Grosso yote, inaelekea, inataka bei ya soya.

"Nilizima umeme," Benício anajitetea,
"wingu lilipotanda tu. Hata friji nilichomoa.
Mke wangu shahidi."
Umeme wa bili alizima kweli;
ule wa mawinguni hauna swichi.
Zoraide anabandua kifuniko cha mtambo.
Harufu inatangulia kujibu: plastiki iliyoungua,
na chini yake kitu kama samaki aliyesahaulika juani.
"Ulifunga mlango, bosi. Huyu kapita dirishani."

Anavuta kadi mojamoja, kama mikate iliyokaa mno tanurini.
Ya kwanza, njia za shaba zimebanduka, zimejikunja.
Ya pili ina tundu palipokuwa na chipu;
kalamu inapita.
Ya tatu ni safi, inang'aa,
na hiyo ndiyo anayoiogopa.
"Iliyokufa haisumbui," anamwambia kijana.
"Hii inayojifanya nzima itavumilia wiki tatu,
halafu siku ya mavuno itamkata mteja katikati ya neno."
Anaiandika kwa wino mwekundu: MUONGO.

Nyuma yao Jucélia wa mapokezi
anapigia kelele simu yake ya mkononi yenye kioo kilichopasuka:
"Tupo! Hapana, hatujafilisika! Radi, mama, ra-di!"

Hadi mchana wamepima zote.
Kumi na tano zimekwenda.
Moja inapumua: laini ya kumi na nne, stoo ya nyuma.
Benício anakuna kichwa.
Kumi na nne ilikuwa ya Edmilson, mhasibu, Mungu amrehemu,
na tangu mazishi hakuna aliyepiga huko.
Ueslei anatambaa chini ya rafu, tochi mdomoni,
anatoka na utando wa buibui nyweleni:
panya wamekata waya. Zamani sana.
Pengo la shubiri nzima.
Moto ulifika ukingoni, ukakosa daraja.

Zoraide anacheka hadi anakaa juu ya gunia.
Benício hacheki. Kila mwezi analipia sumu ya panya.

"Na waya wa ardhini?"
Umefungwa kwenye bomba la maji.
Bomba lilibadilishwa mwaka juzi,
sasa ni la plastiki.
Zoraide anamtazama mwenye mali kwa muda,
kisha anaomba sururu.

Udongo wa uani ni mwekundu, mgumu kama deni.
Wanapokezana nyundo, nondo ya shaba inazama
upana wa kidole, upana wa kidole.
"Radi haina adui," anasema akipangusa shingo.
"Ina haraka ya kufika chini, basi.
Ionyeshe njia fupi isiyopita sebuleni kwako."
Ueslei amevimba malengelenge, hasikii falsafa.

Jioni, kwa kadi za kuazima, laini sita zinarudi.
Simu ya stoo imepanguswa vumbi, imewekwa mapokezini.
Kibandiko bado kipo, mwandiko wa wino wa buluu: *Edmilson*.
Benício ananyoosha ukucha akibandue.
Jucélia anaufunika mkono juu yake.
"Kiache."

Kisha inalia.

Wote wanaitazama. Hata wapakizi wa mbolea mlangoni.
Jucélia anajiweka sawa kola, anainua:
"Ghala la mbegu, habari za jioni."
Anasikiliza.
Ni bibi mmoja anayetafuta duka la dawa.
Jucélia ana namba yake kichwani,
anamtajia polepole, tarakimu moja moja,
anarudia,
anamuuliza kama ameandika,
anarudia tena.